Bei ndogo siyo bei nafuu: soma rekodi ya gawio kabla hujanunua hisa

Najua wengi mmezoea kunikuta hapa nikiongelea viwavijeshi vamizi, nafasi za kupandia na mbolea ya ruzuku. Leo tuongee kuhusu hisa. Usishangae. Tangu benki zilipotangaza gawio mwaka 2025, nimeulizwa kuhusu hisa mara nyingi kuliko nilivyoulizwa kuhusu dawa ya magugu. Nimeulizwa kwenye shamba darasa, nimeulizwa sokoni, na juzi nimeulizwa na kondakta wa basi pale stendi wakati abiria wake wananunua mahindi ya kuchoma. Swali ni lile lile: "Bwana Shamba, ninunue hisa gani?"

Sitakujibu swali hilo, na nina sababu mbili. Kwanza, mimi ni afisa ugani mwenye stashahada ya kilimo kutoka MATI Ilonga. Sina leseni ya kumwambia mtu anunue hisa hii aache ile. Leseni hiyo hutolewa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, yaani CMSA. Pili, niliwahi kulijibu swali hilo, na jibu langu likamtia mtu hasara. Nitaanzia hapo, kisha nitakuonyesha namna ya kujitafutia jibu mwenyewe kwa daftari na kalamu.

Nilivyomponza mkulima wangu

Miaka kadhaa iliyopita kampuni moja iliuza hisa zake kwa umma kwa mara ya kwanza. Sitaitaja jina. Ofisini kila mtu alikuwa anaziongelea. Nilikuwa nimetoka kulipwa malimbikizo ya mshahara, nikaweka shilingi 600,000. Waraka wa matarajio niliuchukua, nikaangalia picha, nikauweka kabatini. Nilichojua ni kwamba hisa moja ilikuwa bei ndogo, kwa hiyo nitapata nyingi.

Kama kosa hilo lingeishia mfukoni mwangu, nisingekuwa na la kuandika. Lakini kulikuwa na mzee mmoja wa upande wa Msowero, mkulima wa mpunga, aliyekuwa ananisikiliza kwa kila kitu. Nilimwambia apande SARO 5, akapanda. Nilimwambia apande kwa mistari, akapanda, na magunia yakaongezeka. Siku nilipomwambia kuhusu zile hisa hakuuliza hata swali moja. Alitoa shilingi 400,000 za mpunga wake.

Bei ilianza kushuka baada ya miezi michache. Gawio halikuja mwaka wa kwanza, wala wa pili, wala wa tatu. Tulipotaka kuuza, wiki zilipita bila kumpata mnunuzi. Alipopatikana, mzee alitoka na shilingi 150,000. Hakunigombeza. Alisema tu: "Bwana Shamba, mpunga niliuelewa. Hizi sikuzielewa, na wewe pia hukuzielewa."

Msimu mzima hakuja kwenye shamba darasa, na wenzake wawili wakaacha kuja. Nilianza kumrudishia ile 250,000 iliyopotea, elfu hamsini hamsini. Alipokea mara nne, ya tano akaikataa. Fedha iliisha hivyo, lakini imani haikurudi kwa awamu. Ukimpotosha mkulima kwenye jambo moja, atakutilia shaka hata kwenye yale unayoyajua.

Karatasi iliyotoka sandukuni

Julai 2024, mahindi yakiwa yanaanikwa, mzee yule yule alikuja nyumbani kwangu jioni. Alikuwa na shemeji yake, mama mjane wa Magole, amebeba mfuko wa nailoni. Mzee akaniambia: "Nimemleta kwako kwa sababu umeshaumwa na nyoka. Sasa hata unyasi utauangalia mara mbili."

Ndani ya mfuko kulikuwa na karatasi ya marehemu mume wake: hisa 400 za benki ya NMB. Mwaka 2008 Serikali iliuza kwa wananchi sehemu ya hisa zake katika NMB, kila hisa shilingi 600. Maombi yalizidi hisa zilizokuwepo. Marehemu aliomba zaidi, akapewa 400. Alilipa shilingi 240,000. Akafunga karatasi sandukuni, na mwaka 2018 akafariki bila kumweleza mke wake ile karatasi ni ya nini.

Sasa kulikuwa na jamaa amejitokeza kuinunua ile karatasi kwa shilingi 600,000 taslimu, eti "atafuatilia mwenyewe mjini". Mama alikuwa karibu kukubali. Mjukuu wake alikuwa amechaguliwa kidato cha tano, shule ya bweni. Ada imefutwa, lakini godoro, sare na nauli havijafutwa. Nikamwomba siku mbili tu.

Siku hizo mbili nilifanya kazi ambayo nilipaswa kuifanya kabla ya kumponza mzee. Niliingia kwenye ripoti za mwaka za benki, nikaandika nyuma ya karatasi ya usajili wa mbolea kila mwaka umelipa gawio kiasi gani. Kwa ambaye hajui, gawio ni sehemu ya faida ambayo kampuni inawagawia wenye hisa. Mwaka ninaoutaja ni mwaka wa hesabu. Fedha yenyewe hulipwa katikati ya mwaka unaofuata. Hii hapa, shilingi kwa hisa moja, nimeongeza na mwaka 2024:

NMB: 2016, 104. 2017, 64. 2018, 66. 2019, 96. 2020, 137. 2021, 193. 2022, 286. 2023, 361.18. 2024, 428.85.

Nikachukua na CRDB ili nilinganishe:

CRDB: 2016, 10. 2017, 5. 2018, 8. 2019, 17. 2020, 22. 2021, 36. 2022, 45. 2023, 50. 2024, 65.

Chukua hisa 400 za mama yule. Kuanzia gawio la 2018 hadi la 2023, zilikuwa zimezaa shilingi 455,672. Ukitoa kodi ya asilimia 5 inayokatwa kwenye gawio la kampuni zilizoorodheshwa soko la hisa, zinabaki kama 432,900. Fedha hiyo ilikuwa inaingia kwenye akaunti ya marehemu, imekaa kimya. Na hisa zenyewe wakati ule zilikuwa zinauzwa kama shilingi 5,000 kila moja. Yaani jamaa alitaka kununua kwa laki sita kitu cha thamani ya kama milioni mbili, na fedha za akaunti juu yake.

Nilipomaliza kuhesabu sikulala vizuri. Kilichoniuma zaidi ya yule jamaa ni kwamba taarifa zote hizi zilikuwa wazi kwa yeyote, na mimi mwenye stashahada sikuwahi kuzisoma. Marehemu, ambaye hakuwa na cheti chochote, alinunua kitu kinachozaa.

Basi sasa nikuonyeshe hatua zenyewe.

Hatua ya kwanza: andika rekodi, miaka kumi kama inapatikana

Shamba hulijui kwa kuliangalia siku moja likiwa la kijani. Unamuuliza jirani: mwaka ule wa ukame lilitoa magunia mangapi? Kampuni nayo ni hivyo. Usianze na bei. Anza na gawio la kila mwaka, liandike kwenye mstari wake, na pembeni andika faida ya mwaka huo. Utazipata kwenye ripoti za mwaka katika tovuti za kampuni, kwenye tovuti ya Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE), na kwenye hesabu ambazo kampuni huchapisha magazetini.

Marekani kuna kampuni zilizoongeza gawio kila mwaka kwa miaka 25 mfululizo na zaidi, na watu huzitafuta kwa orodha. Procter & Gamble, watengenezaji wa sabuni, wamepita miaka 60. Usitafute umri huo hapa kwetu. DSE ilianza mauzo Aprili 1998 ikiwa na kampuni moja, TOL. NMB iliingia sokoni 2008, CRDB 2009. Rekodi zetu ni fupi, kwa hiyo tunapaswa kuzisoma kwa makini zaidi. Tazama NMB na CRDB hapo juu: kutoka 2017 hadi 2024 zote mbili zimepandisha gawio mara saba mfululizo. Kwa soko letu hiyo ni rekodi ya kuheshimu.

Hatua ya pili: tafuta palipovunjika, uulize kwa nini

Umeona 2017? NMB ilishuka kutoka 104 hadi 64. CRDB ilishuka kutoka 10 hadi 5. Mtu mwenye haraka angesema, hizi kampuni mbovu, zimepunguza gawio.

Wakazi wa Dumila na Magole mnakumbuka Januari 2014, Mto Mkundi ulipofurika, maji yakaingia majumbani na barabara ya Morogoro–Dodoma ikakatika. Mashamba mengi yalikwenda na maji. Je, kila shamba lililozama mwaka ule ni shamba baya? Hapana. Unauliza: lilizama kwa sababu ya gharika ya mwaka mmoja, au liko kwenye mkondo na litazama kila masika?

Kwa benki zetu, mwaka 2016 fedha za taasisi za umma zilihamishiwa Benki Kuu, na miaka ile mikopo chechefu, yaani mikopo isiyolipika vizuri, ilikuwa imeongezeka benki nyingi. Faida ya NMB ikashuka kutoka kama shilingi bilioni 153 mwaka 2016 hadi kama bilioni 93 mwaka 2017. Ya CRDB mwaka 2017 ilikuwa kama bilioni 36 tu. Hiyo ilikuwa gharika. Halafu faida ikarudi mwaka baada ya mwaka, na gawio likafuata nyuma yake.

Lakini kuna biashara zinazokaa kwenye mkondo. Kampuni inayotegemea mteja mmoja, kibali kimoja au barabara moja, hata ikiwa na rekodi nzuri, siku mkondo ukibadilika inakwenda na maji. Swissport Tanzania, wanaohudumia ndege uwanjani, walikuwa wanajulikana sokoni kwa kulipa gawio vizuri. Ikaja korona mwaka 2020, ndege zikakaa chini, na biashara ikaanguka. Rekodi inakuambia yaliyopita. Kinachoweza kuikata lazima ukitafute mwenyewe.

Hatua ya tatu: angalia kama wanagawa mavuno au wanagawa mbegu

Hapa ndipo wengi wanadanganyika. Gawio kubwa si lazima liwe gawio zuri. Mkulima anayepata magunia kumi akala tisa, mwakani hana mbegu wala hela ya kulimia. Kwa hiyo gawanya jumla ya gawio kwa faida ya mwaka huo, uone ni sehemu gani wanatoa.

NMB ina hisa milioni 500. Gawio la 361.18 la mwaka 2023 ni jumla ya kama bilioni 180.6. Faida ya mwaka huo ilikuwa kama bilioni 542. Hiyo ni theluthi moja. CRDB ina hisa kama bilioni 2.6. Gawio la shilingi 50 mwaka huo ni kama bilioni 130, na faida yao ilikuwa kama bilioni 424. Hiyo ni asilimia 31, bado ni karibu na theluthi. Rudi 2017, mwaka mbaya wa CRDB: shilingi 5 mara hisa bilioni 2.6 ni kama bilioni 13, kati ya faida ya bilioni 36. Ni kama theluthi vile vile, imezidi kidogo tu.

Umeona? Mavuno yalipopungua walipunguza sahani, hawakugusa mbegu. Gawio lilishuka, lakini tabia haikubadilika. Mimi nikiona kampuni inagawa karibu faida yote, au inagawa huku inapata hasara, nafunga daftari.

Hatua ya nne: sasa ndiyo uangalie bei

Sisi wa Dumila hatuhitaji kufundishwa tofauti ya bei na thamani. Gunia la mahindi la Julai na gunia la Februari ni mahindi yale yale. Julai kila mtu anauza kwa sababu ana shida, mlanguzi anakuja na lumbesa lake anapanga bei. Februari mahindi hayajabadilika, bei imebadilika. Aliyenunua Julai hakuwa mchawi. Alijua gunia lina thamani gani hata kama bei haisemi.

Hisa ina Julai yake pia. Mwanzoni mwa 2020 hisa ya CRDB ilikuwa inauzwa karibu na shilingi 100, chini ya ile 150 ambayo wananchi walilipa mwaka 2009. Watu walikuwa wamekata tamaa nayo. Lakini faida ya mwaka 2019 ilikuwa kama bilioni 120. Igawe kwa hisa zote, kila hisa ilikuwa na faida ya kama shilingi 46. Maana yake ulikuwa unanunua hisa kwa bei ya faida ya miaka miwili na kidogo tu. Na gawio la mwaka huo lilikuwa 17. Kumi na saba kwa mia moja.

Hisa ya NMB wakati huo ilikuwa imeganda kwenye shilingi 2,340. Gawio lilipanda kutoka 66 hadi 96 hadi 137, bei imekaa pale pale kama jiwe. Faida ya 2020 ilikuwa kama shilingi 412 kwa hisa. Gawanya 2,340 kwa 412, unapata miaka isiyofika sita ya faida.

Sasa sikiliza vizuri, maana ndiyo nilipoangukia mimi. Hisa ya shilingi 100 na hisa ya shilingi 2,340, zote mbili zilikuwa nafuu wakati ule. Na ile kampuni niliyomponzea mzee, hisa yake ilikuwa na bei ndogo, lakini haikuwa na faida wala gawio. Gawanya bei yoyote kwa sifuri uone utapata nini. Bei ndogo siyo bei nafuu. Unafuu unaujua baada ya kugawanya tu.

Na mimi 2020 nilikuwa wapi? Nilikuwa nimenuna. Mwenzangu ofisini alinionyesha bei ya CRDB nikamwambia hisa ni wizi. Kumbe gunia linakuwa la bei ya Julai kwa sababu wengi wameshaungua kama mimi na hawataki hata kulitazama.

Hatua ya tano: linganisha na kile ambacho fedha yako ingefanya kwingine

Usiishie kufurahia. Mwaka 2020 hatifungani ya Serikali ya miaka 20 ilikuwa inalipa asilimia 15.49 kwa mwaka. Aliyenunua NMB kwa 2,340 alipata gawio la kwanza la 137, ambalo ni asilimia 5.9 tu. Angeonekana mjinga. Lakini riba ya hatifungani ile haikui, na gawio lilikua. Gawio la 2024 la shilingi 428.85 ni asilimia 18 ya ile 2,340 yake.

Nisikufiche: ukijumlisha magawio matano, kuanzia 2020 hadi 2024, yanafika shilingi 1,406, yaani asilimia 60 ya fedha aliyoweka. Hatifungani kwa miaka mitano ingempa asilimia 77. Kwa hiyo aliyehitaji fedha mkononi mapema, hatifungani ilikuwa bora. Aliyeweza kusubiri amepata gawio linalokua na hisa ambayo bei yake imepanda zaidi ya mara mbili. Kila mtu na shida zake. Muembe na kitunguu vyote ni mazao, lakini huwezi kupanda muembe leo ukitegemea ada ya Januari.

Mambo ya kuogopa

Soko letu lina wanunuzi wachache. Unaweza kutaka kuuza ukakaa wiki. Kwa hiyo fedha ya mbegu, ya mbolea, ya matibabu na ya shule isiguse hisa. Weka ile ambayo hata ikilala miaka mitano hutamkopa mtu.

Kila ukinunua na ukiuza kuna ada ya dalali na tozo nyingine. Anayenunua na kuuza kila mwezi anawalimia wengine.

Usinunue hisa kwa mtu barabarani wala kumuuzia karatasi yako. Hisa hununuliwa kupitia dalali mwenye leseni ya CMSA, au kwa simu kupitia programu ya DSE ya Hisa Kiganjani. Ukitajiwa kampuni ya kuwekeza na huioni DSE, na mtu anakuahidi faida kila wiki, kimbia bila kuaga.

Na jambo la mwisho, bei ya leo siyo ya 2020. Mahindi ya Februari hayanunuliwi kwa hesabu ya Julai. Usisome habari hii kama tangazo la NMB au CRDB. Chukua bei ya leo, faida ya mwaka uliopita na gawio la mwisho, ugawanye upya. Huenda jibu likawa "ngoja". Na ili ujue nina upande, nakiri kwamba nina hisa chache za benki moja kati ya hizi, nilizinunua baada ya haya yote, kwa bei ambayo si ya Julai.

Mama wa Magole

Yule jamaa wa laki sita tulimwambia asante. Mzee akauza magunia mawili ya mpunga, akamkopesha shemeji yake, mjukuu akaenda shule na godoro lake. Halafu likaanza jambo la mirathi: cheti cha kifo, kikao cha familia na muhtasari wake, Mahakama ya Mwanzo ikamteua mama kuwa msimamizi wa mirathi, kisha dalali akashughulikia hisa zihamie jina lake. Ilichukua miezi mingi na safari nyingi. Mara mbili mama alitaka kuacha. Fedha ya akaunti ilipotoka, kitu cha kwanza alimlipa mzee magunia yake.

Hisa hakuuza hata moja. Mwaka 2025 alipokea gawio la kwanza kwa jina lake mwenyewe: 428.85 mara 400, ni shilingi 171,540, na baada ya kodi 162,963. Mume wake alilipa 240,000 kwa hisa zote. Alipopata ujumbe wa simu alinipigia, akaniuliza kama na mwakani zitakuja. Nikamwambia sijui, Mama. Tutasoma hesabu zao zikitoka. Hilo "sijui" lilikuwa gumu kulisema zamani.

Kwa hiyo msomaji, kama una karatasi ya hisa mahali, leo jioni mwonyeshe mwenzi wako na mtoto mmoja mkubwa. Andika kwenye daftari la nyumbani: hisa ngapi, kampuni gani, gawio linaingia akaunti ipi. Hiyo haihitaji leseni ya mtu yeyote.

Mzee wa Msowero bado hajanunua hisa. Amerudi shamba darasa, na amenunua daftari la kurasa mia, amechora mistari. Wiki iliyopita aliniuliza swali kuhusu mikopo chechefu ambalo sikuweza kulijibu papo hapo. Nimemwahidi jibu Jumatano, na safari hii nitasoma kwanza.

Kwa leo naishia hapa. Wiki ijayo tunarudi shambani: jinsi ya kuhifadhi mahindi kwenye mifuko ya kinga njaa ili usilazimike kumuuzia mlanguzi kwa bei ya Julai. Kazi njema.